Umeme Ulikatika

Profoma ilikuwa na kurasa nne. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa kabla ya bei yoyote, aliyeiandaa aliandika sababu ya mradi: mteja alipoteza data zake Januari 2024 kutokana na hitilafu ya umeme. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa kwenye treni, tumeshaipita Morogoro tunaelekea Dar es Salaam. Nikairudia mara ya pili, halafu nikafunga kompyuta na kujifanya naangalia nje. Kijana aliyeiandika simfahamu, na hakukosea. Aliandika alichoambiwa na Mama Mkubwa. Mama Mkubwa naye alisema alichoambiwa na mimi.

Mama Mkubwa anauza spea za malori na mabasi Gerezani, Kariakoo. Alianza kabla sijazaliwa. Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu, beringi na breki pedi zimepangwa hadi darini, stoo iko juu, wafanyakazi ni watano. Lakini biashara yake haswa haiko pale. Iko barabara ya kati: Gairo, Kibaigwa, Manyoni, Singida, kwa mafundi na wenye maduka madogo wanaopiga simu asubuhi, yeye anafunga boksi, boksi linapelekwa stendi ya Mbezi, na hela inakuja mwisho wa mwezi, au baada ya mavuno, au ikija. Wakati wowote ule nusu ya mtaji wake imelala mikononi mwa watu ambao wengine hajawahi kuwaona kwa macho. Kinachomuunganisha nao ni maandishi. Kwa miaka mingi maandishi hayo yalikuwa kwenye kauntabuku zenye majalada magumu, zimepangwa kwenye kabati kwa mwaka.

Mimi ndiye niliyemtoa huko. Mwaka 2022 nilikuwa bado shahada ya kwanza, nimejaa maneno, na nilimshawishi hadi akakubali: programu ya mauzo na stoo, kompyuta nne, na seva moja ya mtumba niliyoitafuta mwenyewe.

Kwa asiye wa fani, seva ni kompyuta ya kawaida iliyopewa kazi ya kuhudumia nyingine. Zamani seva moja ilifanya kazi moja. Siku hizi unaweka kwanza programu ya kuigawa, inayokaa moja kwa moja juu ya chuma, halafu juu yake unajenga kompyuta nyingine zisizo na chuma chao wenyewe. Wataalamu wa Kiswahili huziita mashine pepe. Ni kama nyumba ya kupanga ya uswahilini: vyumba vingi, mita ya LUKU moja, na kila mpangaji anafunga mlango wake. Kwa Mama Mkubwa nilijenga vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha Windows, kwa ajili ya programu ya mauzo, na kingine cha Linux, kwa mafaili ya kawaida, ankara na nyaraka za forodha zilizoskaniwa.

Uzuri wa mpango huu kwa duka dogo si kwamba ni wa kisasa. Ni kwamba mashine pepe nzima, pamoja na programu zake, mipangilio yake na kila kitu, ni mafaili tu. Chuma kikifa, unayachukua mafaili na kuyawasha kwenye chuma kingine. Mwenye duka asiye na uwezo wa kuweka seva ya akiba pembeni ndiye anayefaidika zaidi. Ila lazima mafaili hayo yawe yamenakiliwa mahali pengine, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nilitumia ESXi ya VMware, toleo la bure, kwa sababu ndilo jina nililokuwa nalisikia. Toleo lile halikuwa na mlango wa kuingizia programu za nje za kuchukua nakala. Hilo halikuwa siri. Mimi ndiye sikusoma. Nilichokiona kwenye skrini ni kitufe cha snepishoti, na kila nilipopita dukani nilikibonyeza, nikaondoka na amani moyoni.

Snepishoti si nakala. Ukiipiga, mfumo haulichukui faili la diski na kulipeleka popote. Unaligandisha hapo hapo lilipo, na kuanzia dakika ile kila badiliko jipya linaandikwa kwenye faili jingine la pembeni. Ukipiga ya pili, linafunguliwa faili la tatu. Yote yanategemeana kama watoto waliobebana mabegani kuchuma embe: wa katikati akitoka, wa juu hana pa kusimama. Maelekezo ya VMware wenyewe yanasema snepishoti isikae zaidi ya saa 72. Mimi nilikuwa nazo za miezi saba.

Mama Mkubwa aliwahi kuniuliza, mara moja tu, "Na siku hiki kimashine kikifa?"

Nikamjibu, "Nakala zipo, mama."

Ilikuwa Jumatatu, Januari 2024, kipindi cha mgao. Umeme ulikatika saa tatu asubuhi, ukarudi saa tano. Hiyo ni kweli na kila mtu mtaani aliiona. Seva iliwaka vizuri uliporudi. Iligoma saa nane mchana, kwa sababu nyingine kabisa: yale mafaili ya pembeni yalikuwa yamevimba hadi yakajaza diski, na mashine ya mauzo ikakosa hata nafasi ya kuandika mstari mmoja. Nilipigiwa simu nikaja na bodaboda. Dukani kulikuwa na foleni, dada wa kaunta ameshika kalamu, Mama Mkubwa anaongea na mteja kwa sauti ile anayoitumia akiwa ameudhika lakini hataki ionekane.

Nikafungua orodha ya mafaili. Niliona mawili makubwa yenye namba ndefu mwishoni, sifuri nyingi halafu nne, sifuri nyingi halafu tano. Nikaona ni takataka za zamani. Nikayafuta.

Sikumbuki nilichofikiri. Nakumbuka nafasi ilivyorudi, ile rangi nyekundu ikageuka kijani, na nilivyofurahi kwa sekunde kama kumi. Halafu nikaiwasha mashine, ikakataa. Nilihangaika nayo hadi magharibi. Mwishowe ilikubali kuwaka kwa kutumia mafaili yaliyokuwa chini ya yale niliyofuta, na mauzo ya mwisho yaliyoonekana yalikuwa ya Septemba 14. Miezi minne ya duka ilikuwa imetoka katikati ya mabega.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika chupa ya maji.

"Vipi?"

"Umeme uliporudi," nikasema, "umeunguza diski."

Hapakuwa na sentensi iliyokuwa rahisi kuaminika kuliko hiyo mjini hapa Januari ile. Fundi cherehani wa jirani, aliyekuja kuchungulia, alitikisa kichwa na kutusimulia habari za friji yake. Mwingine akasimulia za redio. Ndani ya dakika tano uongo wangu ulikuwa na mashahidi, na mimi nilikuwa sijaongeza hata neno moja.

Wiki iliyofuata Mama Mkubwa aliirudisha miezi minne kwa njia yake. Risiti za EFD zilisaidia kidogo, lakini karatasi ile inafifia ikikaa juani, na haikwambii nani amelipa na nani bado. Basi akavuta kiti, akaweka simu kwenye chaja, akapiga kwa wateja mmoja mmoja. Aliwapigia 61. "Shikamoo baba, za huko Kibaigwa. Mashine yetu imepata ajali. Naomba unikumbushe, kwako nakudai ngapi?" Mimi nilikaa pembeni nikiandika.

Walimtajia. Hilo sikulitegemea. Laki nne na themanini, mama. Laki mbili kamili, ila shokapu moja nilikurudishia. Mmoja wa Singida alisoma kutoka daftari lake hadi tarehe. Kuna mmoja tu ambaye Mama Mkubwa, kwa kumbukumbu yake, alijua anamdai zaidi ya milioni. Yule akasema laki sita. Mama Mkubwa akanitazama, akasema kwenye simu, "Ahsante baba, Mungu akubariki," akakata. "Andika laki sita," akaniambia. Alikaa kimya kidogo kabla ya kupiga namba iliyofuata.

Mwezi ule ule alinunua inveta na betri nne ili umeme usimuunguzie tena. Zilimgharimu milioni tatu na laki mbili. Nilimsindikiza. Nilimsaidia kuchagua.

Huo ndio mzigo niliokuwa nao kwenye treni, Julai 2025, nikirudi likizo kutoka Dodoma ambako nasoma shahada ya uzamili ya kompyuta. Mama Mkubwa alikuwa amenipigia: seva imechoka, kuna kijana ameniletea profoma, njoo unisomee, wewe ndiye msomi wetu. Na profoma ilikuwa imejengwa vizuri juu ya msingi wa uongo. UPS kubwa. Stabilaiza. Fundi wa kuchimbia waya wa ardhini. Seva mpya yenye pawasaplai mbili, na leseni ya kulipia kila mwaka ya VMware. Kwenye ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho: diski ya nje, moja. Jumla ilikuwa milioni kumi na tisa na ushee. Kwa ugonjwa alioelezwa, daktari yeyote angeandika dawa hiyo.

Nilijaribu kutafuta njia ya kuipangua ile profoma bila kusema. Nilikaa nayo siku mbili. Ningeweza kusema UPS si muhimu, lakini kwa nini si muhimu kwa mtu aliyeunguziwa na umeme? Ningeweza kusema tuweke fedha kwenye nakala, lakini angeniuliza, si ulisema nakala zilikuwepo? Kila swali la kiufundi lilinirudisha kwenye mafaili mawili. Huwezi kumchagulia mtu bakapu huku umemficha alichopoteza na namna alivyokipoteza.

Siku ya tatu, tulipofunga duka, nikamwambia. Dada wa kaunta alikuwa ameshaondoka. Nilieleza yote, hadi rangi nyekundu ilivyogeuka kijani. Nje wapagazi walikuwa wanasukuma mkokoteni wa mwisho, wanapiga kelele watu wapishe njia.

"Kwa hiyo hizi betri," akasema.

"Zinafanya kazi yake. Umeme ukikatika mashine haizimiki ghafla, na hilo ni zuri. Lakini hazikuwa dawa ya ule ugonjwa."

"Milioni tatu na laki mbili."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Alichukua mkoba wake, akazima taa ya nyuma, akazima ya mbele. "Haya. Funga mlango twende." Hadi tunafika Tabata hakusema neno. Usiku alikula, akaswali, akalala. Asubuhi, akiwa anakunywa chai, akasema bila kunitazama: "Ile profoma, ifute kwanza hiyo sababu yake ya juu. Halafu tuone kinachobaki."

Kilichobaki kilikuwa maswali mawili, na nimesoma makala nyingi za kitaaluma zinazoyazungusha kwa vifupisho vya herufi tatu tatu. Yeye aliyajibu kabla chai haijapoa. La kwanza: likitokea lingine, unakubali kupoteza siku ngapi za kazi? "Siku moja naikumbuka kichwani. Mbili sizijui." Basi, nakala kila usiku. La pili: duka linaweza kukaa muda gani bila mashine? "Nusu siku. Asubuhi tutaandika kwenye daftari, mchana wateja wataanza kunionea huruma, na sipendi." Hapo nikajua kwamba hatuhitaji seva tatu zinazopokezana zenyewe, mfumo ambao nilikuwa nimeuchora kwenye daftari langu kwa siku nzima na kuupenda sana. Niliutaja hata hivyo. Akaniuliza, "Wewe ukiwa Dodoma, nani atakuwa anauangalia?"

Ndiyo maana mpimaji akawa dada wa kaunta. Ana cheti cha kidato cha nne, anajua mashine ya EFD kuliko mtu yeyote pale mtaani, na hana hamu yoyote ya kujua prosesa ni nini. Chochote nitakachochagua, yeye ndiye atakayekirudisha siku nikiwa kwenye chumba cha mtihani na simu nimeizima. Nilipoanza kumweka yeye mbele, orodha ikapungua yenyewe.

Kuacha seva kabisa na kuhamia wingu lilikuwa wazo la kwanza, na si la kipuuzi kwa duka la kompyuta nne. Lakini Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa wakati mmoja, na kwa siku kadhaa ukanda huu wote intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Siku zile duka liliuza kama kawaida kwa sababu kila kitu kilikuwa ndani. Mama Mkubwa hakusahau.

VMware niliitoa, na si kwa ubaya wa kazi yake. Broadcom iliinunua kampuni hiyo Novemba 2023, mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kununua mara moja, na Februari 2024 toleo la bure likaondolewa, ingawa Aprili 2025 lilirudi. Leseni sasa inalipwa kwa muda na kwa idadi ya viini vya prosesa, na prosesa moja inahesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16 hata kama yako ina vinane. Kwa kampuni yenye seva mia pengine hesabu inakubali. Kwa Gerezani, hapana.

Hyper-V ya Microsoft ilinisumbua zaidi, kwa sababu ilikuwa na haki ya kushinda. Programu ya mauzo inahitaji Windows, leseni ya Windows Server lazima ilipiwe vyovyote iwavyo, na leseni ya kawaida inaruhusu mashine pepe mbili za Windows juu yake. Yaani bei ya Hyper-V ilikuwa ndani tayari. Tena ukimhitaji fundi Kariakoo, kila ngazi utakayopanda utamkuta anayejua Windows. Kama duka lingekuwa na fundi wake wa kudumu ningeichagua, na Veeam ile ya bure, inayotosha mashine kumi, ingebeba nakala.

Tulichukua Proxmox. Inatengenezwa Vienna, Austria, toleo la kwanza lilitoka 2008, na chini yake kuna Debian na KVM, vitu ambavyo viko wazi na haviwezi kufungiwa dukani na mtu mmoja. Haidai leseni. Inachofanya ni kukukumbusha kila unapoingia kwamba hujalipia huduma ya msaada, kama kondakta anayekupita mara tatu akigongagonga sarafu. Tangu 2024 ina njia ya kuvuta mashine pepe moja kwa moja kutoka ESXi, kwa hiyo kuhama kulichukua Jumapili moja. Lakini kilichoniamulia ni mwenzake, Proxmox Backup Server, kazi yake nakala tu. Usiku wa kwanza inachukua mashine nzima, na usiku unaofuata inachukua vipande vilivyobadilika tu, kwa hiyo nakala za mwezi mzima zinakaa kwenye diski ya kawaida. Inaweza kuzikagua yenyewe kama bado ni nzima. Na unaweza kuingia ndani ya nakala ukachukua faili moja bila kugusa mengine.

Tuliiweka kwenye kompyuta ya mtumba ya laki nne na nusu, juu stoo, mbali na seva. Kuna jambo dogo la ruhusa ambalo nililichukulia kwa uzito kuliko yote. Seva kuu inaruhusiwa kuongeza nakala kule juu na kuzisoma. Kufuta hairuhusiwi. Hivyo hata kikiingia kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, hakiwezi kupanda ngazi na kufuta. Akaunti yangu nayo niliinyima ruhusa hiyo. Neno la siri la kufutia liko kwenye bahasha, na bahasha anayo Mama Mkubwa. Sijui ameiweka wapi na sijauliza.

Kuna kanuni ya tatu, mbili, moja, ambayo mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kwa mtu wa Kariakoo hiyo ya mwisho haihitaji maelezo. Julai 2021 soko kuu liliungua. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka asubuhi ya Jumamosi, watu zaidi ya ishirini wakafa, na kwa siku nyingi mitaa ya jirani watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Nilipoanza kumweleza Mama Mkubwa kwa nini nakala moja isikae mtaani, alinyanyua mkono ninyamaze. Tukanunua diski mbili za nje. Moja inabaki imechomekwa, nyingine inalala Tabata, na kila Jumamosi zinabadilishana ndani ya mkoba wake, zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Data za mauzo zenyewe ni ndogo zikibanwa, haziishi hata bando, kwa hiyo hizo zinapanda pia kwenye wingu kila usiku zikiwa zimefungwa kwa ufunguo. Ni majina ya watu, namba zao na madeni yao. Tangu Mei 2023 nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, lakini hata isingekuwepo, mtu wa Singida aliyetusomea daftari lake kwenye simu hastahili kukuta deni lake linazagaa.

Gharama yote, pamoja na seva mpya ya kiasi na leseni ya Windows, haikufika nusu ya ile profoma.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti tulifanya jaribio la kwanza la kurudisha. Nilikuwa nimeandika karatasi yenye hatua kumi na moja, nikaigandisha ukutani, nikakaa kwenye kiti nimekalia mikono yangu ili nisisaidie. Dada wa kaunta alikwama hatua ya sita. Nilikuwa nimeandika neno ambalo kwenye skrini limefupishwa, na mtu asiyelijua hawezi kukisia. Tulirekebisha. Hatua ya tisa ndiyo ya hatari: mashine inayorudishwa lazima iwekwe kwa namba nyingine na itolewe kwenye mtandao, la sivyo pacha wawili wataanza kugombania jina moja duka likiwa wazi. Nimeichora hiyo kwa wino mwekundu.

Baada ya dakika arobaini hivi mashine ya pili iliwaka. "Sasa tunajuaje ni yenyewe?" akauliza dada wa kaunta. Lilikuwa swali zuri. Kuwaka si kitu. Hata ile ya Septemba 14 iliwaka. Lazima utafute ndani yake kitu cha juzi unachokijua.

Mama Mkubwa, aliyekuwa kaunta akihesabu noti, akasema, "Tafuteni yule mteja mpya."

Nilikuwa sijui kuna mteja mpya. Dada wa kaunta alicheka, akaandika jina langu, na likatokea. Lilikuwa limeingizwa siku mbili zilizopita. Deni la kuanzia, 3,200,000. Kwenye sehemu ya bidhaa kulikuwa na neno moja: betri.

"Nilimuuliza amechukua spea gani," dada wa kaunta akaniambia, "akasema andika tu."

Mama Mkubwa aliendelea kuhesabu noti. Alipomaliza akazifunga raba, akasema nitakuwa nalipa elfu hamsini kwa mwezi, kwa sababu anajua posho ya mwanafunzi, na asisikie habari ya mgao.

Tangu hapo jina langu ndilo linalotumika kwenye jaribio. Jumamosi iliyopita nilikuwa maktaba, Dodoma, nikihangaika na tasnifu, simu ikatetemeka. Nikatoka nje.

"Dada, imewaka," akasema. "Leo nimetumia dakika ishirini na mbili."

"Kwenye nakala nadaiwa ngapi?"

Nikamsikia akibonyeza. "Milioni mbili, laki tisa na nusu."

"Na kwenye mashine yenyewe?"

"Hiyo hiyo." Halafu akashusha sauti. "Mama Mkubwa anauliza, ya mwezi huu lini?"